Nyinyi Mnapika na Nini?

Usiku wa Jumapili tarehe 9 Februari 2014 mvua ilinyesha Bujumbura bila kupumzika. Kulipokucha, mitaa ya kaskazini ya jiji, hasa Kamenge na Kinama, ilikuwa imejaa tope, mawe na magogo. Korongo la Gasenyi lilifurika watu wakiwa wamelala. Nyumba nyingi za kule zilikuwa za matofali mabichi, na tofali bichi likilowa linarudi kuwa udongo. Watu zaidi ya 60 walikufa, watoto wakiwemo.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande huo wa jiji. Darasa letu liliingia tope lakini halikubomoka. Tulipoanza tena masomo, kulikuwa na nafasi kwenye madawati, na hakuna aliyetaka kukaa pale. Nilifungua kitabu mahali tulipoishia. Ilikuwa étude du milieu, somo la kuyajua mazingira, na zamu ilikuwa ya udongo na miti. Basi nikaandika ubaoni kama nilivyoandika kila mwaka: mizizi ya miti hushika udongo, watu wakikata miti ovyo, mvua hubeba udongo na kuleta mafuriko.

Watoto wakanakili. Halafu mvulana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono.

“Madamu, sisi hapa hatujakata mti. Mbona tumekufa sisi?”

Alisema “tumekufa”, kama vile naye alikuwa kati ya wale waliofukuliwa. Sikumjibu. Nilimwambia akae, tuendelee kunakili. Leo niko mbali na Bujumbura, ninaishi kambini Kakuma kama nyinyi wengi mnaosoma hapa, na swali lile bado ninalo. Ninaandika kwa sababu hapa pia tunafundisha watoto mazingira, na naona tunarudia kosa langu.

Kwanza niseme nchi yangu ilivyo, kwa wale ambao hawajafika. Burundi ni ndogo, lakini si nchi ya namna moja. Bujumbura iko chini kabisa, kwenye tambarare ya Imbo, kando ya Ziwa Tanganyika. Nyuma ya jiji milima ya Mumirwa inapanda ghafla kama ukuta, mpaka kwenye mgongo wa nchi unaopita mita 2,000, ambako kuna msitu wa Kibira. Mvua inayoanguka upande wetu wa mgongo inashuka kwetu, inapita katikati ya mitaa kwa mito kama Ntahangwa na Muha, inaingia ziwani. Inayoanguka upande wa pili inakwenda mpaka Nili. Ukivuka huko unakuta Kirimiro, vilima vya mashamba yaliyobanana. Ukienda kaskazini, Kirundo, kwenye nchi ya Bugesera, hofu ya watu ni jua, siyo mafuriko. Mashariki kuna Kumoso, chini tena, joto tena.

Lakini kitabu kilikuwa kimoja. Mtoto wa Kirundo ambaye baba yake anatazama mawingu yasiyonyesha alisoma juu ya mafuriko. Mtoto wa Kinama ambaye nyumbani kwao hakuna hata futi mbili za shamba alisoma jinsi ya kuchimba mitaro ya kuzuia maji kwenye mteremko. Wote walijibu mtihani, na wengine walipata alama nzuri. Ningeuliza, “Environnement ni nini?” wangeimba jibu kwa Kifaransa bila kukosea hata neno. Ningeuliza, “Haya, na ya kwenu yakoje?” kimya.

Wiki ile ya tope nilijaribu kueleza kwa lugha tunazoongea. Nilisema, kwa Kiswahili mazingira ni yale yanayokuzingira, na kwa Kirundi ibidukikije ni vilevile, vitu vilivyotuzunguka pande zote. Msichana mmoja akasema polepole, “Basi hata lile tope la usiku lilikuwa mazingira.” Ndiyo, nikamwambia, hata lile. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka yangu ya kufundisha kuona darasa zima limenyamaza kwa kufikiri.

Nilikuwa na rafiki, mwalimu mwenzangu, aliyefundisha shule moja huko juu Mumirwa. Kila mwisho wa mwezi alishuka mjini kufanya manunuzi. Nikampa daftari. Wanafunzi wangu walikuwa wameandika humo maswali ya kuwauliza watoto wa milimani, na nakiri yalikuwa maswali ya hasira. “Kwa nini mnakata miti?” “Hamjui kama sisi tuko chini?” “Nani amewaruhusu?” Sikufuta hata moja.

Mwezi uliofuata daftari likarudi. Watoto wa juu walikuwa wamejibu machache, lakini ukurasa wa mwisho waliandika swali lao kwa Kirundi, kwa herufi kubwa: Nyinyi mnapika na nini? Chini yake mmoja akaongeza kwamba kwao wanapikia vijiti na mabua makavu. Makaa hawapikii. Makaa wanachoma, wanafunga kwenye magunia, yanashuka Bujumbura.

Nilisoma mbele ya darasa. Hakuna aliyecheka. Nikawauliza, nani kwao wanapika kwa makaa? Mikono yote ikapanda, na wangu pia.

Jioni ile nyumbani kwetu Buyenzi nilikaa mbele ya babula, jiko letu la makaa, na maharage yalikuwa yanachemka tangu saa kumi. Makaa yale niliyajua yanakotoka. Mtu aliyewahi kuishi Bujumbura anawajua vijana wa baiskeli wa barabara ya Bugarama: wanapanda mlima wameshika lori kwa mkono mmoja, wanashuka na mzigo wa ndizi au makaa, breki zinanuka. Mmoja wao alituletea gunia kila mwezi. Tulibishana naye bei mlangoni, tukampa maji ya kunywa, akaondoka. Miaka yote hiyo nilifundisha juu ya “watu wanaokata miti ovyo” na mtu mwenyewe nilikuwa namkaribisha mlangoni.

Alipokuja tena nikamuuliza kama anajua miti inazuia maporomoko. Aliniangalia kama nimemtukana. “Madamu,” akasema, “mimi ndiye ninayelala kwenye ule mteremko. Mvua ikinyesha usiku siwezi kufumba macho. Lakini mtoto akiugua usiku huohuo, mti ndio benki yangu. Nikuulize na wewe, ukiacha kununua, watoto wako watakula nini?” Nikamlipa pesa yake.

Sasa niseme jambo linalonichoma zaidi. Tulikuwa na swali la mtihani: taja sababu za uharibifu wa misitu. Jibu mojawapo tulilolikubali lilikuwa “ujinga wa wananchi”. Darasani nilikuwa na mtoto aliyeletwa mjini kwa shangazi yake ili asome, na baba yake huko mlimani alikuwa mchoma makaa. Aliandika jibu hilo vizuri kabisa: ujinga wa wananchi. Nikaweka alama ya sahihi kwa kalamu nyekundu. Mtoto yule alijua baba yake si mjinga. Alijua na mimi ninachotaka. Kwa hiyo alimtoa baba yake ili apate alama moja, na mimi nilimlipa alama hiyo.

Nauliza: hilo ni somo la mazingira au ni somo la kusema uongo? Naona ni la pili. Mtoto akifundishwa kwamba jema ni kitu ambacho watu wa kwao hawawezi kukifanya, atachagua moja kati ya mawili. Ama atawadharau watu wa kwao, ama atajifunza kwamba maneno ya shule ni ya shule tu, unayaacha mlangoni kama viatu. Wengi wanachagua hili la pili, na siwalaumu.

Mwaka 2015 mambo ya nchi yaliharibika. Niliondoka na watoto wangu, na baada ya safari ndefu tukafika Kakuma. Daftari lile lilibaki. Mwaka 2020 ndugu zangu walinitumia picha kwenye simu: mto Rusizi umevunja kingo, Gatumba yote maji, watu wamebeba magodoro vichwani. Niliangalia kama kuna sura ninayoijua.

Hapa Kakuma nilidhani nitapumzika na swali lile. Nilisema, hii ni nchi kavu, hakuna mlima, hakuna msitu, mafuriko yatatoka wapi? Nyinyi wenyeji wa kambi mnacheka, mnaujua mto Tarach. Mwaka mzima ni mchanga, watoto wanacheza mpira ndani yake. Halafu mvua inanyesha mbali, huko kwenye vilima upande wa mpaka wa Uganda, na kwetu mbingu ni nyeupe kabisa, na maji yanakuja yanachukua nyumba. Watu tena wanakufa kwa mvua ambayo hawakuiona.

Na kuni ni zilezile. Sisi wakimbizi hatutakiwi kwenda kukata porini. Kuni za mgao zinakusanywa na wenyeji, na zinaisha kabla ya mgao mwingine. Baada ya hapo unanunua kuni au makaa kwa akina mama wa Kiturkana wanaopita, au unabadilishana na unga. Kwa maneno mengine, nimerudi palepale. Mimi ni yule wa mjini mwenye babula, na mwingine ndiye anayekata.

Siku moja mama wa kwenye bloku yetu alichoka kusubiri, akaenda kando ya mto akakata matawi ya mti mmoja mkubwa. Alikuja mwanamke Mturkana akiwa na hasira sana. Sisi tulidhani anataka pesa. Kumbe alikuwa anasema mti ule ni wa familia yao. Baadaye mzee mmoja wa Kiturkana anayejua Kiswahili alitueleza. Miti ya kando ya mto ina wenyewe tangu zamani, na sehemu ya familia inaitwa ekwar. Mti wenyewe ni ewoi, na maganda ya mbegu zake ndiyo chakula cha mbuzi wakati wa ukame. Kwa macho yetu lile lilikuwa pori tu. Tulifika tukaona hakuna uzio, tukasema hakuna mwenyewe.

Nilijiuliza, katika mabango yote tuliyoyaona yanayosema “Tutunze mazingira”, ni lipi lililotuambia jambo hili? Mwalimu angetufundisha neno moja tu, ekwar, siku ya kwanza tulipofika, angekuwa ametufundisha zaidi ya mabango kumi.

Tena hata “panda mti” si amri inayofaa kila mahali. Kwetu Burundi milima imejaa mikaratusi. Inakua haraka, inatoa nguzo na makaa, lakini waulize wazee habari ya chemchemi iliyo karibu nayo. Hapa Turkana kuna mathenge, mti ulioletwa Kenya miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa. Umezuia kweli, halafu ukaendelea, ukafunga njia na malisho. Huko Baringo watu walifika mpaka mahakamani na mbuzi asiye na meno, kuonyesha maganda yake yalivyomharibu. Na bado ni mathenge huohuo uliotuzungushia ua na kutupikia chakula. Sasa mtoto akikuuliza, mwalimu, mathenge ni mti mzuri au mbaya? Jibu la kitabu kimoja kwa nchi nzima litamdanganya, iwe Kenya au Burundi.

Najua wasomaji wangu wa mashirika watasema nini, kwa sababu mmoja wao aliniambia uso kwa uso, na alisema kwa heshima. “Mwalimu, tuna saa moja kwa wiki na watoto mia kwa darasa. Tukieleza historia ya kila mti hatutamaliza. Watoto wanahitaji ujumbe mfupi.” Namwelewa. Nimefundisha watoto mia kwa darasa. Lakini swali moja nalo ni fupi. “Nyinyi mnapika na nini?” ni maneno manne tu, na lilifanya kazi ambayo miaka yangu ya kuandika ubaoni haikufanya.

Wengine watasema upande wa pili: ukisema kila mtu ana mkono wake, umewaosha wakubwa. Waliouza viwanja kando ya korongo, waliochimba mchanga mtoni, waliopewa kazi ya kujenga kuta za mto, hao wote watajificha nyuma ya babula yangu. Hoja hii naiogopa zaidi, maana ni ya kweli nusu. Jibu langu ni hili: mwenye njia tatu na mwenye njia moja hawapimwi kwa kipimo kimoja. Yule kijana wa baiskeli alikuwa na njia moja. Mimi mwenye mshahara mdogo nilikuwa na mbili, labda mbili na nusu. Mwenye kugawa viwanja alikuwa na nyingi. Lawama igawanywe kwa kadiri ya njia ulizokuwa nazo ukaziacha. Mtoto wa darasa la tano anaelewa hesabu hiyo vizuri sana, kuliko sisi watu wazima.

Ndiyo maana naona kazi ya mwalimu wa mazingira ni kumwonyesha mtoto njia zilizopo, nani anazo na nani hana, kisha kumwongezea mojawapo ambayo mkono wake unaifikia. Kwa mtoto wa Kirundo ni kuhifadhi maji ya mvua kidogo inayopatikana. Kwa mtoto wa Mumirwa ni majani ya mifugo na miti kwenye mitaro ya baba yake, kwa sababu hapo mti unakaa bila kumnyima shamba. Kwa mtoto wa Bujumbura, na wa Kakuma, ni sufuria. Loweka maharage usiku. Funika chungu. Zima moto chakula kikiiva, usiache kuni ziwake bure. Mambo madogo, hata aibu kuyaandika kwenye makala. Lakini binti yangu ameyapima: maharage yaliyolowekwa yanaiva mapema, na kuni zilizobaki tunaziweka kando. Hakumwita mtu yeyote mjinga ili ajue hilo.

Kuna swali jingine ambalo watoto wa hapa wananiuliza, na lazima niliseme, maana ni gumu kuliko la yule mvulana. “Mwalimu, hapa si kwetu. Tutakwenda Marekani, au tutarudi nyumbani. Kwa nini nipande?” Nimewasikia wafadhili wakijibu kwamba dunia ni moja. Mtoto aliyefukuzwa kwao hawezi kuamini hivyo, amekwisha kuona mipaka.

Mimi huwa namjibu kwa Tarach. Namuuliza, waliokuwa juu ya ule mto walikujua? Hawakukujua. Ulikuwa wa kwao? Hapana. Lakini maji yalifika. Basi na wewe una watu walio chini yako, hata kama huwajui, hata kama hapa si kwenu. Kuna mama Mturkana na mbuzi wake. Kuna mtoto atakayeingia nyumba yako ukishaondoka. Kukaa mahali hata siku moja ni kuwa juu ya mtu. Wengine wanakubali, wengine wananiambia, “Sawa Mwalimu, lakini nani aliyetufikiria sisi?” Hapo sina jibu zaidi ya kukaa nao.

Muhula huu nimeanzisha daftari tena. Darasani tuna Warundi, Wakongo, Wasudan Kusini, Wasomali na watoto wachache wa Kiturkana. Kila mmoja anaandika: kwetu tunaogopa nini, mvua au jua? Tunapika na nini? Mti gani una mwenyewe, na utamjuaje? Mtoto wa Kiturkana, ambaye kwa kawaida hazungumzi, alisimama nusu saa akieleza habari za ewoi, na wengine wakamuuliza maswali mpaka kengele ikalia. Ndugu zangu wa mashirika, kama mnataka kusaidia, leteni daftari za kutosha, na mje mkae nyuma msikilize kabla ya kuchapa bango linalofuata.

Yule mvulana wa Bujumbura sasa ni mtu mzima kama yu hai. Sijui aliko. Kama anasoma hili kwenye kambi yoyote, nataka nimjibu, ingawa nimechelewa. Mwanangu, uliniuliza mbona mmekufa nyinyi ambao hamkukata mti. Mti ulikatwa na baba wa mwenzako aliyekaa dawati la mbele, kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Makaa yake niliyanunua mimi, nikapikia maharage. Wenye njia nyingi waliwaacha mjenge kwenye korongo. Hukukosea kuuliza. Mimi ndiye niliyekuambia ukae.